Usiizike betri kabla ya kuipima

Hukumu ya betri mkoani Simiyu, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, hutolewa kwa maneno matatu: haikai na chaji. Huyasema mwenye nyumba wa Bukundi ambaye taa zake za sola huzima saa mbili usiku, wageni wakiwa bado mezani. Huyasema pia dereva wa utalii aliyevuta trela la kambi hadi Makao, akafungua friji asubuhi na kukuta maziwa yameganda na nyama imeanza kutoa harufu. Baada ya hapo njia ni moja: betri inafunguliwa, inapakiwa kwenye bodaboda, inauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mpya inachukua nafasi yake. Miezi michache ikipita, maneno yaleyale yanarudi. Hoja ya makala haya ni kwamba betri nyingi zinazotupwa hazikufa zenyewe. Zimeuawa na mfumo uliozizunguka, na anayebadilisha betri bila kupima ananunua tatizo lilelile kwa bei mpya.

Kuliweka trela la kambi na nyumba ya kijijini katika hoja moja kunaweza kuonekana ajabu. Trela ni mali ya kampuni ya utalii ya Arusha au Karatu, au ya msafiri anayeikata Afrika kutoka kaskazini hadi kusini. Nyumba ni ya mkulima wa pamba. Lakini fungua vyote viwili utazame ndani. Utakuta betri ya volti 12, paneli moja au mbili, kontrola ya sola, waya, fyuzi, pengine na inveta, kisha taa, simu, na friji au televisheni. Wilaya ya Meatu, ilipo kata ya Bukundi, ni mahali ambapo vyote viwili hukutana. Upande mmoja kuna Pori la Akiba la Maswa na eneo la hifadhi ya jamii la Makao, ambako kambi za watalii hutegemea umeme wa kubebwa. Upande mwingine kuna daraja la Sibiti linaloiunganisha Simiyu na Singida, na vitongoji ambavyo kwa miaka mingi vimewashwa na sola. Fundi anayeweza kuponya trela anaweza kuponya nyumba, na kosa linaloua betri ya nyumba ndilo linaloua betri ya trela.

Ghala halitoi lisichopewa

Betri haitengenezi umeme. Ni ghala: hutoa kilichowekwa, tena pungufu kidogo, kwa sababu sehemu hupotea wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa. Jambo hili linajulikana kwa kila mtu aliyewahi kuhifadhi mtama, lakini husahaulika mara tu ghala linapokuwa boksi jeusi lenye nguzo mbili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mfumo unaozima usiku ni la hesabu: kwa siku kinaingia kiasi gani, na kinatoka kiasi gani?

Tuchukue mfumo wa kawaida wa nyumba au kibanda cha kuchaji simu: paneli ya wati 100 na betri aina ya N70, yenye uwezo wa takriban ampia-saa 70. Tanzania imejaliwa jua. Kwa wastani nchi hupokea kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tukikadiria saa tano za jua kamili, paneli inayotoa ampia 5.5 itaingiza ampia-saa 27 hivi, na baada ya upotevu zitabaki kama 23. Sasa tuhesabu matumizi. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni ampia-saa 6. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni ampia-saa 10. Simu kumi, kila moja ikimeza wati-saa 20 pamoja na upotevu, ni ampia-saa 17 hivi. Jumla ni 33. Kila siku ghala linapungukiwa na ampia-saa 10, na hakuna uganga wa kuziba pengo hilo.

Angalia pengo hilo linavyomdanganya mwenye betri. Betri mpya ikifungwa ikiwa imejaa, siku ya kwanza taa zinawaka hadi usiku wa manane na kila mtu anasifu duka. Siku ya tatu au ya nne imefika nusu. Ndani ya wiki imekaribia kuwa tupu, na tangu hapo kila usiku inaanza na kile tu kilichoingia mchana, hivyo taa zinazima mapema. Mwenye nyumba anakumbuka siku zile za mwanzo na kuamua kwamba betri imeharibika, au ilikuwa feki tangu dukani. Kumbe betri inafanya kazi sawasawa. Akinunua ya pili ya aina hiyohiyo atapata tena siku chache za furaha. Akinunua kubwa mara mbili atapata siku nyingi zaidi za kushuka, lakini mwisho ni uleule, kwa sababu hakugusa kinachoingia wala kinachotoka.

Katika trela, mlaji mkuu ni friji. Friji ya kompresa inayovuta ampia 4.5 na kufanya kazi nusu ya muda, jambo la kawaida katika joto la mbuga, humaliza ampia-saa 54 kwa siku. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya kile ambacho paneli ya wati 100 inaweza kuweka. Na yupo mlaji mwingine asiyeonekana, ambaye ni inveta iliyoachwa imewashwa. Zipo inveta zinazokula kati ya nusu ampia na ampia moja bila kuchomekewa chochote, yaani ampia-saa 12 hadi 24 kwa siku kwa kuwasha taa yake ndogo ya kijani. Mtu anayechaji simu moja kwa kupitia inveta usiku kucha anaweza kutumia umeme mwingi kuihudumia inveta kuliko kuihudumia simu.

Upotevu njiani, joto na ganda la salfeti

Hesabu ikikaa sawa na taa bado zinazima, mshukiwa wa pili ni waya. Katika umeme wa volti 220, kupoteza volti moja njiani hakumsumbui mtu. Katika mfumo wa volti 12 kila sehemu ya kumi ya volti ina thamani, kwa sababu betri iliyojaa na betri iliyo tupu hazitofautiani hata kwa volti moja kamili zikiwa zimetulia. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ambao wengi huufunga kwa kuwa ndio uliopo dukani kwa ajili ya taa za nyumba, ukienda mita 10 na kurudi, utapoteza volti 1.2 mkondo wa ampia 5 unapopita. Betri ina volti 12.4, kifaa kinaona 11.2. Friji nyingi za kompresa zina kinga inayozima volti ikishuka, ili betri isikamuliwe. Kinga hiyo haijui kwamba volti zimepotelea njiani, hivyo friji inazima wakati ghala bado lina akiba. Ongeza viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa nailoni, klipu zilizoota unga wa kijani na mweupe, na fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya, utapata mfumo ambao hakuna betri duniani itakayouridhisha.

Trela lina mtego wake wa ziada. Wengi huamini kwamba betri ya trela hujazwa na gari likiwa safarini, kwa kuwa waya umetoka kwenye alteneta hadi nyuma. Alteneta inaweza kuwa inatoa volti 14.2 kule mbele, lakini waya wa milimita mraba 6 unaokwenda mita 7 na kurudi hupoteza karibu volti 0.9 ukibeba ampia 20, hivyo betri ya nyuma inapokea 13.3, kiwango ambacho huijaza polepole mno. Hali huwa mbaya zaidi pale waya wa kurudi haukufungwa kabisa, na umeme unategemea kurudi kwa kupitia chuma cha kiungio cha trela, chenye grisi, vumbi na kutu. Magari ya miaka ya karibuni yanaongeza tatizo jingine: kompyuta zake hushusha volti za alteneta mara betri ya mbele inapojaa, ili kuokoa mafuta. Dereva ameendesha siku nzima, anaamini amechaji, na jioni trela linalala na nusu ghala. Tiba yake ni waya mnene wa kwenda na kurudi, pamoja na chaja ndogo inayofungwa kwenye trela ili kuzipandisha volti hizo hadi kiwango ambacho betri inahitaji. Kubadilisha betri hakuwezi kurekebisha lolote kati ya hayo.

Baada ya hapo ndipo tufike kwenye betri yenyewe, na tueleze inavyokufa. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haijabadilika sana katika msingi wake. Inapotoa umeme, sahani zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Lakini ikiachwa tupu kwa siku nyingi, au ikichajiwa nusunusu bila kufikishwa ukingoni, salfeti hugeuka ganda gumu lisiloyeyuka tena, na sehemu iliyofunikwa haitoi umeme. Kwa hiyo lile pengo la ampia-saa 10 kwa siku ndilo muuaji. Betri ambayo ingeweza kuhudumu miaka mitatu au minne inamalizwa ndani ya mwaka mmoja kwa kulazwa na njaa kila usiku.

N70 na ndugu zake N50 na N100 wana udhaifu wa kuzaliwa. Ni betri za gari, na sahani zake ni nyembamba na nyingi ili zitoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache, stata igeuze injini, kisha alteneta izijaze mara moja. Hazikuundwa kukamuliwa polepole usiku kucha. Betri za sola zina sahani nene zinazovumilia kushuka, ingawa hata hizo hudumu zaidi zisiposhushwa chini ya nusu. Joto nalo lina sehemu yake. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Boksi la chuma la trela lililoegeshwa juani Meatu, au betri iliyowekwa juu ya kabati chini ya bati, hufika kwenye joto hilo bila shida. Betri ileile ikishushwa sakafuni, penye kivuli na hewa, hupata umri ambao hakuna duka linaloweza kuuza.

Lipo pia suala la maji. Katika betri za kufunguliwa vifuniko, kinachopotea kwa joto na kwa kuchaji ni maji, asidi hubaki. Anayeongeza asidi kwa nia ya kuipa betri nguvu anaifanya asidi kuwa kali mno, nayo huzila sahani. Anayeongeza maji ya kisima anaingiza chumvi zinazofanya kazi hiyohiyo. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa tu, hadi kufunika sahani. Na kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, kazi yote hiyo ifanyike mbali na sigara, kibatari na cheche.

Saa tatu za kupima

Kifaa kinachohitajika ni multimita, ile ndogo ya mkononi inayouzwa kwenye maduka ya umeme kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Hata anayejua tu kusoma namba na kutofautisha nguzo ya jumlisha na ya kutoa anaweza kufanya robo tatu ya uchunguzi, akipima katika saa tatu za siku. Ya kwanza ni alfajiri, kabla jua halijaigusa paneli na baada ya vifaa kulala kwa saa kadhaa. Betri ya risasi iliyotulia ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa, ikisoma 12.1 au 12.2 ipo nusu, ikisoma 11.8 au chini ni tupu, na kila asubuhi inayoikuta hapo inaipunguzia maisha. Ya pili ni saa saba mchana, jua likiwa utosini. Hapo volti zinapaswa kuwa zimepanda kuelekea 14.4, kiwango ambacho kontrola nyingi hukitumia kujaza. Zikibaki 12.8 hadi jua linazama, ujue kinachoingia ni kidogo. Ya tatu ni saa mbili usiku, taa na televisheni vikiwa vimewashwa: pima kwenye nguzo za betri, kisha pima pale kifaa kilipochomekwa. Tofauti ikizidi nusu volti, mkosaji ni waya au kiungo, na betri haina hatia.

Namba hizo tatu zikisomwa pamoja hutoa jibu ambalo kuangalia kwa macho hakuwezi kulitoa. Alfajiri ya chini na mchana usiopanda humaanisha upungufu wa chaji, na hapo hupimwa paneli. Paneli ya kawaida ya volti 12 ikifunguliwa waya na kuelekezwa juani husoma volti 21 hivi. Multimita ikiwekwa kwenye kipimo cha ampia 10, paneli ya wati 100 ya kweli huonyesha karibu ampia 5.5 au 6. Ikionyesha 3, basi lebo inasema mia na paneli inasema hamsini na kidogo, au kuna kivuli cha tawi, au vumbi la kiangazi limetanda. Kinyume chake, betri iliyoamka na 11.8 kisha ikaruka hadi 14.4 ndani ya saa moja ya jua, na jioni ikaanguka tena mara taa zilipowashwa, imepoteza nafasi ya kuhifadhi. Ganda limekwisha kuzifunika sahani. Iliyochajiwa siku nzima na bado ikatulia kwenye 10.5 ina chumba kimoja kati ya sita kilichokufa, na haidromita, yaani kipimo cha uzito wa asidi, ikizamishwa kwenye vyumba vyote itakionyesha hicho kimoja kuwa chepesi kuliko wenzake. Betri za namna hizo mbili ndizo zenye hatia, na kuzibadilisha ni haki.

Kipimo cha nne ni cha uvujaji. Zima kila kitu, fungua waya mmoja wa betri na uweke multimita katikati, ikiwa kwenye kipimo cha ampia. Kikionekana chochote zaidi ya sehemu ndogo ya ampia, kuna kinachokula wakati wenyewe mmelala: inveta, redio ya trela, king'amuzi, au waya uliochubuka. Ampia moja inayovuja ni ampia-saa 24 kwa siku, kile chote ambacho paneli ya wati 100 iliweka.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu asiyejua soko, kwa sababu betri feki zipo. Ni kweli zipo, na zipo pia betri halali zilizokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa, zikijitafuna polepole katika joto. Lakini hoja hiyo inaunga mkono kupima badala ya kukupinga. Anayelalamika dukani bila namba hurudishwa na maneno. Anayekwenda na multimita huweka kipimo juu ya meza kabla ya kutoa fedha. Betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imekwisha kulala muda mrefu, na mnunuzi ana haki ya kuomba nyingine. Na aliyeandika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa betri ana msingi wa kudai dhamana kuliko anayetegemea kumbukumbu.

Wengine watasema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa betri za lithiamu zimekuja. Sifa zake ni za kweli. Teknolojia hiyo iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, na aina ya fosfeti ya chuma inayotumika kwenye sola na trela huvumilia kukamuliwa karibu yote, mara elfu mbili na zaidi, bila kuota ganda. Kwa mwenye uwezo ni ununuzi mzuri. Lakini lithiamu haiongezi jua. Pengo la ampia-saa 10 litabaki ampia-saa 10, waya mwembamba utabaki mwembamba, na inveta iliyosahauliwa itaendelea kula. Tofauti ni kwamba betri ya risasi huonya kwa taa kufifia, wakati ya lithiamu hukatwa ghafla na kinga yake ya ndani, na mwenyewe akabaki gizani akisema imekufa. Kontrola ya zamani isiyo na mpangilio wa lithiamu inaweza kuichaji vibaya, na volti zake hazibadiliki sana kutoka kujaa hadi kuisha, hivyo ili kujua kilichobaki unahitaji kipimo cha ampia-saa zinazoingia na kutoka. Asiyepima risasi atapoteza fedha. Asiyepima lithiamu atapoteza nyingi zaidi.

Pingamizi la tatu ni la gridi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umeupeleka umeme karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuingia kwenye gridi mwaka 2024. Ya nini basi kuhangaika na betri? Jibu ni kwamba umeme kufika kijijini si sawa na kufika kila nyumba. Vijiji hivyo vina vitongoji zaidi ya 64,000, na Meatu ni wilaya ya wafugaji na wakulima wanaoishi kwa kutawanyika. Trela la kambi nalo kwa asili yake haliwezi kufuata nguzo. Hata nyumba iliyounganishwa huweka betri na inveta kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Betri hazipungui, zinahama kazi.

Pingamizi la nne ndilo zito zaidi: kwamba hata wataalamu wamezikimbia betri. Majokofu ya chanjo yanayotumia sola yalikuwa na betri kwa miaka mingi, na katika muongo wa 2010 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihimiza aina mpya inayounganisha paneli moja kwa moja na kompresa, baridi ikihifadhiwa kwenye barafu badala ya umeme kwenye betri. Walifanya hivyo kwa sababu betri za zahanati zilikuwa zikifa na kubaki bila kubadilishwa. Lakini somo la majokofu hayo linahitaji kusomwa hadi mwisho. Baridi inaweza kuhifadhiwa kama barafu. Mwanga wa saa mbili usiku hauwezi. Pale betri isipokwepeka, kilichozishinda zahanati ndicho kinachotakiwa kurekebishwa: kwamba hakukuwa na mtu mwenye jukumu la kupima, wala fungu la kumlipa.

Na gharama ya kutopima haiishii mfukoni. Betri inayouzwa kwa kilo ina risasi, sumu inayodumaza akili za watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Wakazi wakiongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila betri inayotupwa kabla ya wakati wake huingia katika mnyororo huo mapema kuliko ilivyopaswa. Kuirefushia umri kutoka mwaka mmoja hadi mitatu ni kupunguza theluthi mbili ya risasi inayopita mikononi mwa wayeyushaji.

Nani alipwe kwa kupima

Ikiwa kupima ni rahisi na ni nafuu, kwa nini hakufanyiki? Sababu kubwa ni namna tunavyowalipa mafundi. Fundi wa sola akiuza betri anapata faida. Akitumia saa nzima kupima na kugundua kwamba kiungo kimoja kimeoza, mteja anampa shukrani na pengine nauli ya bodaboda, kwa sababu "hajafunga kitu". Tunakubali kulipia kinachobebeka na kukataa kulipia kinachojulikana. Katika mpangilio huo, fundi mwaminifu anakula hasara na mwenye haraka ya kuhukumu anakula vizuri. Kaya inayotegemea pamba ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa fedha yake huja kwa mkupuo mmoja msimu wa ununuzi unapofunguliwa, na betri iliyonunuliwa kwa makosa mwezi wa Mei haina fedha ya kuirekebisha mwezi wa Desemba.

Mabadiliko yanayohitajika hayangoji bajeti ya serikali, ingawa vyuo vya ufundi vya VETA vingefanya vyema kufundisha uchunguzi wa mifumo ya volti 12 kwa uzito uleule vinavyofundisha kuifunga. Mteja aanze kwa kumwambia fundi kabla hajagusa spana: pima kwanza, nikulipe kwa kupima, kisha tuongee kuhusu kununua. Ada hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na namba tatu, ya alfajiri, ya mchana na ya usiku, hata kama mbili kati yake amezichukua mwenye nyumba mwenyewe. Kampuni ya utalii inayotuma trela Makao iwe na karatasi ya namna hiyo mlangoni mwa trela, na dereva aijaze kama anavyojaza kitabu cha safari. Duka linalouza betri lipime mbele ya mnunuzi na kuandika volti alizoondoka nazo. Fundi akilipwa kwa kusema ukweli, ataacha kutegemea mauzo ya betri ambazo hazikuwa na hatia, na mwenye nyumba wa Bukundi atajua fedha yake ya msimu inahitajika kwenye paneli ya pili, kwenye mita kumi za waya mnene, au kweli kwenye betri mpya.